Naomba ushauri: Mercedes W123 au W124?

Habari zenu wakuu. Niko Ujerumani, natafuta dizeli ya zamani ya kutunza, nimekwama kati ya Mercedes mbili: 240D ya 1982 (toleo la W123) na 300D ya 1989 (toleo la W124). Zote zimevuka miaka 30, zikipata namba ya H (ya magari ya kihistoria) kodi ni ileile, euro 191 kwa mwaka.

Moyo uko kwa 240D, hata kama ina nguvu ya farasi 72 tu. Shida ni kutu pale pa kuwekea jeki. Nimechokonoa kwa bisibisi, pakatoboka. 300D ina silinda 6 na bodi safi, ila fundi aliyeikagua anahofia silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepata ufa.

Je, kutu ya hapo ikichomelewa hurudi? Na hedi niipimeje kabla sijalipa?