Mjadala: Je, kibali cha mtendaji wa kijiji kinatosha kurekodi sauti za wazee kwa ajili ya programu ya kompyuta?

Mtoa mada, Dodoma Mjini

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Katika kijiji kimoja wilayani Chamwino nilishuhudia vijana wabunifu, wanafunzi wa TEHAMA, wakirekodi sauti za wazee wanaozungumza Kigogo, kwa lengo la kutengeneza programu ya simu itakayomjibu mkulima wa mtama kwa lugha yake mwenyewe. Nia yao ni njema na siibezi. Walikuja na barua ya wilaya iliyopitia kwa mtendaji wa kata hadi kwa mtendaji wa kijiji, ambaye aliwakusanya wazee chini ya mbuyu, akawaambia wawape wageni ushirikiano, na kazi ikaanza papo hapo. Hakuna mzee aliyeulizwa peke yake kama anataka, wala aliyeelezwa sauti yake itahifadhiwa wapi na nani ataitumia. Bibi mmoja aliniuliza pembeni kama sauti hiyo itaendelea kusema hata akifa. Nilikosa la kumjibu.

Hoja yangu ni kwamba vijana wale walikuwa na kibali lakini hawakuwa na ridhaa. Kibali hutolewa na ofisi ili mgeni asihesabiwe kuwa mvamizi. Ridhaa hutolewa na mwenye sauti, na ofisi haiwezi kuitoa kwa niaba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa ahakikishe kwamba mhusika anafahamu madhumuni kabla hazijakusanywa.

Nilipowauliza, walinijibu kwamba hawakuandika majina. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL nayo ilitoa hadharani maneno yaliyotafutwa mtandaoni na watumiaji wake wapatao 650,000, baada ya kuweka namba mahali pa majina, na haikuchukua muda waandishi wa habari wakafuatilia namba moja hadi nyumbani kwa mwanamke mmoja katika jimbo la Georgia. Ikiwa maandishi yalimfichua mtu katika nchi kubwa kama Marekani, sauti itamficha vipi mzee ambaye kijiji kizima humtambua akikohoa tu nyuma ya ua?

Mchangiaji, Kongwa

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini unawabebesha wanafunzi mzigo ambao wakubwa hawaubebi. Programu nyingi za mikopo ya simu zimekuwa zikiomba kusoma orodha nzima ya namba tulizohifadhi, na wengi wetu hubonyeza kukubali bila kusoma hata mstari mmoja. Tena kutokukusanya nako kuna madhara yake. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba mifumo ya kutambua jinsia kwa sura ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, na sababu mojawapo waliyoieleza ni uchache wa sura kama zetu katika picha zilizotumika. Kigogo kisiporekodiwa, mashine hazitakifahamu kamwe, na atakayeachwa nyuma ni mkulima huyohuyo unayemtetea. Mwanafunzi mwenye miezi michache ya kukamilisha mradi wake hawezi kwenda nyumba kwa nyumba.

Mchangiaji, Mpwapwa

Mimi nauliza swali moja tu: programu hiyo ikiuzwa, mzee anapata nini?

Mtoa mada, Dodoma Mjini

Ndugu wa Kongwa, kuhusu mikopo ya simu tuko pamoja, ila kosa la mkubwa halimhalalishii mdogo. Ushahidi wa Buolamwini na Gebru naukubali pia, na ndiyo maana sijasema kazi isimamishwe. Lakini tofautisheni vitu vinavyokusanywa. Programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya mihogo, ilifundishwa kwa picha za majani, na jani la muhogo halina faragha. Sauti ina mwenyewe, na ikishatumika kufundisha mfumo, kuiondoa humo ni kazi ngumu mno, kwa hiyo maelezo yanayokuja baadaye hayamsaidii mzee.

Muda mfupi nao si kikwazo kikubwa kama inavyodaiwa. Mzee aelezwe kwa Kigogo, mbali na macho ya mtendaji, kisha jibu lake, liwe ndiyo au hapana, lirekodiwe kwa kinasa kilekile; ni dakika chache kwa kila mtu. Wazee ishirini badala ya hamsini watatosha kwa mradi wa mwanafunzi.

Ndugu wa Mpwapwa, swali lako ni zito kuliko langu. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, unaokusanya sauti za watu wanaojitolea katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, hutoa rekodi zake bure kwa yeyote, hata mfanyabiashara, lakini kila anayechangia amekubali masharti hayo mwenyewe. Vijana wa Chamwino hawakusema chochote kuhusu mauzo. Naona neno hilo litamkwe siku ya kwanza, kabla kinasa hakijawashwa, hata kama litawafanya wazee wadai malipo, na hata kama baadhi yao watakataa.