Mrejesho: Hifadhi ya ndege na ufukwe kwa siku moja

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kama hifadhi ya ndege na ufukwe vinaweza kuingia katika safari ya siku moja. Vinaingia, ila si kwa usawa. Nilifuata ushauri wa kutazama kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa, kisha kufika hifadhini takribani saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, na huo ndio uliozaa matunda: maji yalipopanda yaliwasukuma ndege waliokuwa wakijitafutia chakula kwenye matope ya mbali hadi karibu na kibanda cha kutazamia, ambako hata kwa darubini hafifu tuliweza kutofautisha urefu wa midomo yao. Ushauri wa kuvaa nguo zisizong’aa sikuona umesaidia kitu, maana tulijificha kibandani muda wote.

Ufukweni mambo yalikuwa nusunusu. Kwa kuwa maji yalijaa mapema asubuhi, mchana yalikuwa yamekupwa, tukalazimika kutembea mbali kutafuta kina cha kuogelea. Anayethamini kuogelea achague siku ambayo maji yanajaa karibu na adhuhuri, ahamie ufukweni mara tu yanapofika kikomo.