Kampuni imenilipa nusu, sasa wananikataza kuandika "Tangazo". Nifanyeje?

Mwanana_Ngozi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua mambo ya mikataba na sheria za matangazo.

Nina ukurasa wa utunzaji wa ngozi, wafuasi elfu 38 na ushei. Siyo wengi, ila wananiamini. Mtu akiniuliza krimu ipi itamfaa namjibu kwa kirefu kama vile ni mdogo wangu wa damu. Miaka mitatu yote nimekuwa nikinunua vitu kwa hela yangu na kusema nilichokiona. Sasa kampuni moja ya vipodozi ikanifuata inboksi. Tukakubaliana video mbili na stori tano, nusu ya malipo mwanzo, nusu mwisho, seti nzima ya bidhaa bure, na kamisheni kwa kila atakayenunua kupitia linki yangu. Nikasaini. Sikusoma vizuri, lawama nazikubali.

Juzi nimewatumia video ya kwanza waipitishe. Mwanzoni kabisa nilikuwa nimeandika "Tangazo". Imerudi na maelekezo: toa hilo neno, linaua uhalisia. Niweke alama reli (hashtag) ya kampeni yao tu, na kama roho inanisuta niandike "kwa hisani ya" na jina lao, mwisho wa maelezo. Kucheki mkataba, kweli kuna kipengele kinachosema maudhui yaonekane ni maoni yangu binafsi.

Krimu yenyewe nimeitumia wiki tatu na ni nzuri, sidanganyi. Kama ninachosema ni kweli, kosa liko wapi? Wafuasi wangu wametawanyika nchi nyingi, Marekani na Uingereza wakiwemo. Na ile nusu nimeshaila.

Kijukuu_wa_Mwisho

Piga kazi, chukua chako. Hao wenye sheria wanahangaika na mastaa wa mamilioni. Wewe wa elfu 38 nani atakuona?

Wakili_Bila_Joho

Kijukuu, usimpoteze mwenzako. Mwaka 2019 huko Uingereza kulikuwa na mama mmoja mwenye wafuasi kama elfu 30 tu, aliyelipwa kuposti kuhusu dawa ya usingizi. Kanuni za kule haziruhusu mtu maarufu kutangaza dawa. Kampuni ikajitetea kwamba huyu si maarufu, wamlinganishe na mastaa wenyewe wenye mamilioni. ASA, chombo kinachosimamia matangazo kule, kikakataa: kwa wafuasi hao, huyo ni maarufu. Tangazo likapigwa marufuku. Na yule mama wala hakuficha kwamba amelipwa, kosa lake lilikuwa jingine kabisa. Kwa hiyo habari ya "mimi mdogo" isikudanganye.

Mleta uzi, swali lako ni zuri na wengi hulikosea. Hakuna anayekushtaki kwa kuisifia krimu nzuri. Kinachotazamwa ni uhusiano wako na anayeiuza. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inataka useme jambo lolote kati yako na kampuni ambalo msikilizaji angelijua, angepima maneno yako tofauti: hela, bidhaa ya bure, kamisheni, ajira, hata undugu. Unaweza kuwa mkweli kuhusu krimu na bado ukamficha mtu kwa nini unaongelea krimu hiyo na si nyingine.

Usidhani kwa kuwa hauko Marekani umepona. Mwongozo wao wa mwaka 2019 kwa washawishi wa mitandaoni (influencers) unasema wazi kwamba ukiposti ukiwa nje, sheria yao inakuhusu kama inatarajiwa posti yako itawafikia na kuwagusa wanunuzi wa kwao. Nchi unayoishi nayo ina sheria zake za kumlinda mlaji, zitafute.

Mwanana_Ngozi

Asante sana. Ila hao kampuni ndio wanaonilazimisha. Si kosa ni lao?

Wakili_Bila_Joho

Ni lao pia, siyo lao peke yao. Soma kesi ya Lord & Taylor, duka la mavazi la Marekani, ya mwaka 2016. Walilipa washawishi 50 wa mitindo kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja, wakawapa gauni bure, wote waliposti gauni hilohilo wikiendi moja. Posti zilipitishwa na kampuni kwanza, wakalazimishwa kutaja jina la duka na alama reli ya kampeni, lakini hakuna aliyeambiwa aseme amelipwa. Gauni likaisha dukani. FTC ikaibana kampuni. Ukiangalia, ni mkataba wako uleule, wamebadilisha gauni wakaweka krimu.

Safari hiyo waliobanwa ni kampuni. Mwaka uliofuata FTC ikatuma barua zaidi ya 90 za kukumbusha, na nyingine zilikwenda kwa washawishi wenyewe.

Bibi_Sarufi

Mimi sheria siijui, kazi yangu ni kuhariri. Hiyo "kwa hisani ya" ndiyo imenichekesha. Hisani ni wema usiodai malipo. Mtu amekulipa, amekuwekea kamisheni, na amekupangia cha kusema, hisani iko wapi hapo? Ni neno la heshima linalofunika biashara kwa kanga. "Ushirikiano" nalo lina mashaka, maana hata kufagia uwanja ni ushirikiano. "Balozi" linajulikana kwa wenye kazi hiyo, msomaji wa kawaida anaweza kuona ni cheo tu. "Tangazo" au "nimelipwa na fulani" haihitaji tafsiri kwa mtu yeyote.

Kijukuu_wa_Mwisho

Basi aandike #ad kwa Kiingereza, wahusika wa sheria wataridhika na wafuasi wengi hawatashtuka. Kila mtu anafurahi 😂

Wakili_Bila_Joho

Ujanja huo waliuona kabla yako. Mwongozo huohuo wa FTC unataka taarifa itolewe kwa lugha ileile unayosifia nayo bidhaa. Video ya Kiswahili, taarifa kwa Kiswahili. Ukitaka ongeza na #ad, haidhuru, ila isiwe peke yake.

Fundi_Kamera

Naongezea upande wa utengenezaji, maana neno zuri mahali pabaya ni bure. Usilizike mwisho wa maelezo ambako mpaka mtu abonyeze "zaidi", wala usilichanganye katikati ya alama reli ishirini. Kwenye video lionekane ndani ya video yenyewe na ulitamke, kwa sababu kuna anayetazama bila sauti na kuna anayesikiliza huku anaosha vyombo. Kwenye stori liwekwe juu ya picha, likae muda wa kusomeka, rangi isizame. Ukiwa laivu rudia kila baada ya muda, watu huingia katikati. Kile kitufe cha "ushirikiano wa kulipwa" cha mtandao wenyewe kiwashe, ila FTC wanasema usikitegemee peke yake.

Msafiri_wa_Usiku

Samahani kudandia uzi. Nimepata ofa ya kutangaza sarafu ya kidijitali. Nikiandika "Tangazo" kubwa kabisa nimemaliza?

Wakili_Bila_Joho

Hapana! Muulize Kim Kardashian. Aliitangaza EthereumMax, na #ad aliiweka. Lakini tume ya dhamana ya Marekani, SEC, ilisema kwa bidhaa ya uwekezaji wa aina ile lazima utaje na kiasi ulicholipwa. Yeye alilipwa dola 250,000 na hakusema. Oktoba 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza shauri. Uwekezaji, dawa na kamari vina sheria zake juu ya hizi za kawaida. Fungua uzi wako.

Mama_Linki

Nami nilipitia hilo, kampuni siitaji. Nilikubali kukaa kimya, video ikaenda vizuri, halafu mfuasi mmoja akaona washawishi wanne tumetumia sentensi ileile neno kwa neno. Akaziunganisha akaposti. Sikupata faini yoyote. Ila mpaka leo nikisifia hata kitana nilichonunua mwenyewe, kuna anayeuliza "hii nayo umelipwa?" Sina cha kumjibu.

Ushauri wangu: usibishane nao kwa simu. Andika barua pepe fupi, waambie uko tayari kukamilisha kazi yote kama ilivyokubaliwa isipokuwa kipengele hicho, kwa sababu kinakutaka ufiche jambo ambalo sheria inataka lisemwe. Waombe wajibu kwa maandishi. Kampuni nyingi zikiona neno "kwa maandishi" hulainika.

Mwanana_Ngozi

Mrejesho wakuu. Niliandika kama Mama_Linki alivyosema. Siku mbili kimya, siku ya tatu akanijibu mtu mwingine kabisa, si yule wa mwanzo, mpole mno. Wamekubali "Tangazo" mwanzoni mwa video na kwenye mstari wa kwanza wa maelezo. Kipengele kimefutwa kwa nyongeza tuliyosaini wote. Wameomba nisitamke kwa sauti, nimekataa, wakaachia. Nusu ya pili wanasema baada ya video ya pili, tutaona.

Ya kwanza imeshatoka. Maoni ya juu kabisa: "Hongera, hatimaye umelipwa." Anayefuata kanitukana. Wengine wote wanauliza inafaa ngozi ya mafuta.

Swali moja la mwisho. Nina posti za zamani zenye linki za kamisheni kutoka maduka mengine, na sikuwahi kusema kitu. Nazo zinahesabika?

Wakili_Bila_Joho

Kama linki bado inakuingizia hela, ndiyo.

Mwanana_Ngozi

Nilijua utasema hivyo. Ziko 61. Nimeanza kuzirekebisha tangu saa mbili usiku, nimefika ya 14.