R6 ya 2007, Nakuru: silensa tu, ekzosi kamili na mapu, au kuchonga hedi?

Bonde_Rider

Wakuu, salamu. Naomba tulinganishe njia tatu za kuiongezea nguvu Yamaha R6 ya 2007 iliyotumika. Ina kilomita 41,000, ekzosi ya kiwandani, filta ya karatasi na sproketi 16/45 (meno ya mbele na ya nyuma). Siku za kazi ni Nakuru mjini, wikendi ni Mau Summit kuelekea Kericho au kuteremka hadi Kisumu.

Njia ya kwanza ni kubadilisha silensa ya nyuma peke yake. Ya pili ni ekzosi kamili kuanzia kwenye hedi (kichwa cha injini), pamoja na kurekebisha mapu ya mafuta (jedwali la kiasi cha mafuta yanayopulizwa). Ya tatu imependekezwa na fundi wa mashine: kuchonga hedi milimita 0.3 ili kompresheni (mbano ndani ya silinda) ipande. Bajeti ni laki moja na nusu, kazi ya fundi ikiwemo.

Kinachokera ni kwamba chini ya 7,000 rpm (mizunguko kwa dakika) inavuta kwa uvivu, hasa ukitoka kwenye tuta au ukipanda nyuma ya lori. Shilingi itafanya kazi zaidi wapi?

FundiLanet

Ndugu, kabla ya njia yoyote kati ya hizo, pima injini uliyonayo. Kilomita 41,000 kwa R6 ni pale pale ambapo nafasi za valvu zinafaa kukaguliwa, na pikipiki nyingi za mtumba hupita hapo bila kifuniko cha valvu kufunguliwa hata mara moja. Valvu ikikaza, haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, na uvivu wa chini unaoulalamikia unaanzia hapo. Kurekebisha ni kubadilisha shimu (vibati vya unene tofauti). Ukikuta valvu imeharibika, usikubali isagwe kwa dawa ya kusagia: valvu za modeli hii ni za titani, na ngozi yake ngumu ikishaondoka inaliwa haraka.

Kipimo cha kompresheni: injini iwe moto, betri imejaa, plagi zote nne nje, mafuta na cheche vimezimwa. Koo za hewa ziwe wazi kabisa. Kwenye R6 hii vipepeo vya koo husukumwa na mota ya umeme, kwa hiyo usitegemee kuzungusha mkono tu, hakikisha kwa macho kwamba vimefunguka. Zungusha starta hadi mshale uache kupanda, andika namba ya kila silinda.

Halafu usishtuke. Nakuru iko karibu mita 1,850, shinikizo la hewa ni kama kPa 81 badala ya 101 za pwani. Namba utakayopata itakuwa chini ya ile ya kitabu kwa karibu moja ya tano hata injini ikiwa mpya. Zidisha namba ya kitabu kwa 0.8 ndipo ulinganishe. Cha maana zaidi ni tofauti kati ya silinda. Ikizidi asilimia 10, weka kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tafuta kwenye valvu.

Kuna injini zilizofungwa ekzosi ya bei kali huku silinda ya tatu inavuja. Hiyo ni kelele mpya kwenye ugonjwa wa zamani.

Gia_ya_Pili

Hujaorodhesha njia ya nne, na kwa malalamiko uliyoandika ndiyo yenye jibu: sproketi.

Injini hii hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) yake ya juu karibu na 12,000 rpm na nguvu yake ya juu kwenye 14,500. Gia ya kwanza ni ndefu, ya kupigia mbio kwenye uwanja. Ukitoka kwenye tuta na gia ya pili uko mbali sana na mahali injini inapoamka. 16/45 ni uwiano wa 2.81. Ukiweka 15/45 unapata 3.00, yaani msukumo kwenye gurudumu unaongezeka asilimia 6.7 katika kila gia, kuanzia 3,000 rpm hadi mwisho. Hakuna silensa itakayokupa asilimia 6.7 kwenye 4,000 rpm. Unachopoteza ni kasi ya juu kabisa, ambayo barabara zetu hazina mahali pa kuitumia.

Spidomita itasema uongo kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu sensa yake inasoma kwenye gia boksi. Halisi 75 itaonekana 80. Kuna vifaa vidogo vya kusahihisha, vinapachikwa kwenye waya wa sensa.

Dunga_600

Nakubaliana na wote wawili juu ya utaratibu, ila nijibu swali la ekzosi kama lilivyoulizwa.

Silensa ya nyuma pekee: kwenye R6 hii katalisti (kisafisha moshi) na valvu ya EXUP (mlango ndani ya bomba la ekzosi) zinabaki mahali pake, na huko ndiko kunakobana. Kwa hiyo unapata sauti, unapunguza uzito, na nguvu farasi moja au mbili huko juu. Chini ya 7,000 hutahisi kitu.

Ekzosi kamili, ya 4-2-1 (mabomba manne kuwa mawili, kisha moja), pamoja na mapu: kwa kawaida nguvu farasi tano hadi nane zikipimwa usawa wa bahari. Nakuru punguza moja ya tano. Faida kubwa iko juu ya 9,000. Kati ya 5,000 na 7,000, ukiondoa EXUP bila kugusa mapu, mara nyingi inakuwa *mbaya zaidi* kuliko ya kiwandani. Ile valvu inabana bomba rpm zikiwa chini ili wimbi la gesi lisirudi vibaya kwenye silinda. Ukiitoa, shimo la torki linafunguka pale pale unapolalamikia.

Watu huchanganya jambo moja kuhusu milima. Kabureta hapa kwetu inamwaga mafuta mengi kupita kiasi, inabidi kupunguza jeti. Injini ya kupuliza mafuta haina shida hiyo, ina sensa ya shinikizo la hewa. ECU (kompyuta ya injini) inajua kwamba uko Nakuru. Haijui kwamba umebadilisha ekzosi. Ndiyo maana mapu ya Power Commander (kifaa cha kurekebisha mafuta) iliyotengenezwa usawa wa bahari, kwa ekzosi ile ile na filta ile ile, inafaa kuanzia hata huku: jedwali lake ni asilimia za kuongeza au kupunguza juu ya hesabu ya ECU yenyewe.

Kuanzia tu, lakini. Baadaye weka sensa ya oksijeni ya masafa mapana na urekodi. Kichwa chake cha kuchomelea ni cha uzi wa M18 x 1.5, kiinamie juu kidogo ili maji ya mvuke yasikae kwenye sensa. Koo ikiwa wazi kabisa lenga uwiano wa hewa kwa mafuta wa 12.8 hadi 13.2, mwendo wa kawaida 13.5 hadi 14.5. Na tafadhali, vipimo vya koo wazi vifanyike kwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu). Gia ya pili peke yake inavuka kilomita 140 kwa saa; barabara kuu ya A8 (zamani A104) si maabara.

Kakamega_Inline

Mkuu Dunga, kuna njia ya katikati umeiruka. Lipo bomba la kati linaloondoa katalisti na EXUP huku heda (mabomba yanayotoka hedini) za kiwandani zikibaki. Bei yake ni sehemu ndogo ya ekzosi kamili, na ukilifunga na silensa nyepesi unapata sehemu kubwa ya faida ya juu. Mapu bado inahitajika. Kwa laki moja na nusu, ekzosi kamili mpya ya jina kubwa inaimaliza bajeti kabla hujalipa ushuru.

Sikubaliani na 15/45 pia. Sproketi ndogo ya mbele inaipinda cheni zaidi, na cheni inasugua raba ya mkono wa nyuma. 16/48 ni 3.00 vile vile, bila kuiumiza cheni.

Gia_ya_Pili

Kweli kabisa, kaka, 48 kugawa kwa 16 ni tatu. Kwa anayenunua cheni mpya, 16/48 ndiyo bora. Lakini cheni ya kiwandani ni ya saizi 525, pingili 114, na kwa meno 48 huenda zisitoshe. Agiza 116 ukate. Cheni iliyopo ikiwa bado nzima, 15/45 inaingia bila kukata kitu, unarudisha gurudumu nyuma kidogo tu. Ila usiweke sproketi mpya kwenye cheni iliyovutika, italiwa haraka.

Bonde_Rider

Nimeelewa. Cheni iko karibu kwisha, kwa hiyo naelekea 16/48. Na hedi je? Fundi anasema milimita 0.3 ni kidogo, na kwamba huku juu hewa ni nyepesi kwa hiyo injini inavumilia.

FundiLanet

Hapo naomba usimame, tupige hesabu pamoja.

Kila silinda ni sisi (cc) 149.75. Kompresheni ya 2007 ni 12.8, hivyo nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni 149.75 kugawa kwa 11.8, yaani sisi 12.7. Pistoni ina kipenyo cha milimita 67. Kuchonga 0.3 juu ya eneo hilo kunaondoa sisi 1.06. Zinabaki 11.6, na uwiano mpya ni karibu 13.9. Kwa injini ya zamani yenye stroki ndefu 0.3 ni kidogo. Kwa hii, yenye stroki ya milimita 42.5, ni kurukia injini nyingine.

Yamaha inataka mafuta ya RON (kipimo cha petroli kuhimili kugonga) 95 kwa hiyo 12.8. Kiwango cha petroli ya kawaida hapa ni RON 93. Nakuru hewa nyepesi inakuokoa, ni kweli fundi wako hakukosea hapo. Lakini wikendi unateremka Kisumu, mita 1,130 hivi, shinikizo kPa 88, joto la mchana karibu 30. Injini inapata hewa yenye shinikizo zaidi kwa karibu asilimia nane na yenye joto zaidi, kwa petroli ile ile. Ukikutana na petroli iliyochanganywa na mafuta taa, inagonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda). R6 hii haina sensa ya kusikia kugonga huko. Hakuna kitakachorudisha cheche nyuma kukuokoa. Pistoni inaanza kuliwa ukingoni na wewe ndani ya helmeti husikii.

Kuna mengine mawili. Hedi ikishuka, kemshafti (zinazofungua valvu) zinasogea karibu na kranki, mnyororo wa taimingi unalegea, na taimingi ya valvu inachelewa hadi ufunge sproketi za kemu zenye matundu marefu na kupima upya kwa diski ya digrii. Tena nafasi kati ya valvu na pistoni inapungua kwenye injini inayozunguka zaidi ya 15,000. Inapimwa kwa udongo laini juu ya pistoni kabla ya kufunga kabisa. Kama fundi hakutaja diski wala udongo, hajapanga kuifanya kazi hiyo yote.

Dunga_600

Naunga mkono. Kazi ya hedi iachiwe anayejenga pikipiki ya mashindano, mwenye mafuta yake kwenye dumu.

Eldoret_Throttle

Mfuniko wa rejeta mmesahau. Huku juu maji yanachemka mapema, karibu nyuzi 93 au 94 yakiwa wazi. Kinachoyazuia kuchemka ni shinikizo la mfuniko. Feni ya R6 inasubiri zaidi ya 100 ndipo iwake. Mfuniko uliochoka nyuma ya malori ya Timboroa unatapika kulenti (maji ya kupoza) kwenye chupa. Badilisha, ni bei ndogo.

Bonde_Rider

Asante, nitauweka kwenye orodha. Hedi naiacha. Nikienda na bomba la kati baadaye: taa ya injini itawaka EXUP ikitoka? Na zile silensa za bei nafuu zenye nembo kubwa, zinafaa?

Kakamega_Inline

Zenye nembo kubwa kwa bei ya chakula ni nakala. Ubaya wake si jina. Pamba ya ndani inaungua mapema, riveti zinalegea, na kiunganishi cha milimita 51 hakikai sawa kwenye bomba lako hadi kichomelewe. Bora silensa halisi iliyotumika. Ichunguze ndani kwa tochi: bomba lenye matundu liwe zima, na ukiitikisa isisikike kitu.

Kuchomelea chuma cha pua iwe kwa TIG, na gesi ya argoni ipite ndani ya bomba pia. Kwa fimbo ya kawaida ya umeme kiungo kinapata kutu na kupasuka kwa mtikisiko, halafu hewa inaingia na sensa ya oksijeni inasoma uongo. Usitoe kizuia sauti; kanuni za NEMA (mamlaka ya mazingira) za kelele zinakuhusu.

Filta: bakia na ya karatasi. Ya kuoshwa na kupakwa oili inahitaji mkono mwangalifu, na vumbi la murram halisamehi.

Dunga_600

EXUP: toa kebo mbili tu, iache mota yake imefungwa na plagi yake ya umeme imechomekwa. Ukiwasha swichi mota inazunguka kama kawaida, ECU inaridhika, taa haiwaki. Ukichomoa plagi utahitaji kifaa cha kuidanganya ECU, au izimwe ndani ya ECU yenyewe wakati wa kuandika mapu.

Ekzosi ikianza kupasua unapoachia koo, usikimbilie kuongeza mafuta. Mara nyingi ni AIS, ile inayopeleka hewa safi kwenye bandari za ekzosi. Ikikuta bomba la moto mabaki yanawaka. Funga kwa vibati, na uzibe pia tundu lake kwenye boksi la hewa, la sivyo umefungua mlango wa vumbi nyuma ya filta.

Siku ya kufunga, paka dawa ya kulegeza kutu kwenye stadi (boliti za hedini zinazoshika heda) usiku uliotangulia. Stadi ikikatika ndani ya hedi, gharama yake inazidi silensa. Ukishusha heda, gasketi zote nne ziwe mpya. Shika kila kitu kwa vidole kwanza, kuanzia hedini hadi silensa, ndipo ubane nati za heda kidogo kidogo kwa msalaba, kama Nm 20 (thibitisha kwenye kitabu), na bano la silensa liwe la mwisho. Ukianza kubana nyuma, bomba linavuta hedi kwa pembeni na gasketi ya silinda ya kwanza inavuja ndani ya wiki.