Dogo kakatwa vidole na msumeno Kigoma: wakili, msaidizi wa kisheria, au twende wenyewe Mfuko wa Fidia?

Mkazi_wa_Gungu:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ni kibarua kwenye karakana ya mbao hapa Kigoma mjini. Mwezi wa tatu msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, kimoja kimeondoka kabisa, cha pili hakikunji. Bosi alilipa hospitali siku ya kwanza, basi. Wiki mbili zilizopita kamwambia "usije tena, mkono huo hauwezi kazi", akamtolea karatasi asaini achukue laki tatu. Imeandikwa kwa mkono: "nimeridhika na sitadai chochote". Bado hajasaini.

Wakili mmoja anataka laki nne kufungua faili. Jirani anasema kuna wasaidizi wa kisheria wa bure. Mwingine anasema twende wenyewe WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Nani kapita njia hizi?

FundiRanda:
Asisaini! Mengine baadaye.

Binti_Ujiji:
Pole sana kaka, mpe pole na mdogo wetu. Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria miaka kadhaa, naona hapo mmechanganya mambo mawili.

Kuumia ni suala la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara, kwa hiyo bosi akisema "dogo hakuwahi kuchangia" anawazungusha. Kama hakujisajili, hilo kosa lake yeye. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo hapo muda mnao.

Kufukuzwa ni suala la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko mna siku 30 tu tangu alipoachishwa, na wiki mbili zimeshakwenda! Watu wengi wanaangukia hapa. Wanahangaika na kidonda, wakishtuka mlango wa CMA umefungwa na inabidi waombe kwanza kuongezewa muda. Kajazeni Fomu Na. 1, nakala mmpelekee mwajiri, na muwe na ushahidi kwamba ameipokea. Hakuna ada.

MnyamweziHalisi:
Mimi niko Tabora, niliangukiwa na gunia ghalani, mguu ukavunjika. Nikakimbilia wakili kwanza. Mtu mzuri, sisemi vibaya, lakini miezi minne ilikuwa barua na nauli. Mwisho akaniambia kinachokosekana ni taarifa ya daktari na uthibitisho wa mshahara, vitu ambavyo ningevifuata mwenyewe kwa bodaboda. Laki tatu na nusu yangu ilikwenda hivyo.

MwishoWaReli:
@MnyamweziHalisi usiwavunje watu moyo. Mfuko ukikataa dai, au asilimia ya ulemavu ikiwekwa ndogo, ndipo utamkumbuka wakili. Asilimia ndiyo pesa yenyewe: ulemavu wa kudumu usiozidi 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kubishania hilo bila mtu anayejua sheria ni kujitesa.

MnyamweziHalisi:
Sawa, ila hapo ni baadaye. Jamaa bado hata taarifa ya ajali hajapeleka.

Mzee_Katubuka:
Nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi zamani. Mwanangu, ungekuwa na kadi ya chama ningekwambia nenda huko kwanza, wanakuwakilisha bila kukutoza. Kibarua wa mbao hana chama, najua. Basi ushahidi. Bosi atasema "simjui huyu". Tafuteni meseji za malipo kwenye simu, daftari la mahudhurio mlipige picha, na wenzake wawili walioona damu ile waandike majina na namba zao leo, maana kesho wataogopa kibarua chao. Cheti cha hospitali kisome "ameumia kazini", siyo "amejikata".

Mkazi_wa_Gungu:
Shikamoo mzee. Cheti kimeandikwa "cut wound" tu, yaani jeraha la kukatwa!

Mzee_Katubuka:
Marahaba. Rudini kwa daktari mumweleze ilivyotokea. Msimwombe abadilishe, mwombeni aandike maelezo kamili.

Binti_Ujiji:
Na kule Mfuko muulizieni pia malipo ya kipindi alichokaa nyumbani akiuguza mkono. Asilimia 70 ya kipato chake, mwisho miezi 24. Wengi hawajui, wanasubiri ulemavu tu.

Kwa hali yenu ningeanza na msaidizi wa kisheria, kazi yao ipo kisheria tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hawatakiwi kuwatoza. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri iwaelekeze aliyesajiliwa. Akiwaomba "ya soda", ondokeni.

FundiRanda:
Ya soda 😂 Kigoma hii hii.

Mkazi_wa_Gungu:
Asanteni wote. Jumatatu asubuhi CMA, mchana hospitali. Wakili tumpigie tukishapata majibu ya Mfuko. Ila bosi kapiga simu sasa hivi, anasema laki tatu imekuwa tano.

MwishoWaReli:
Ameshaogopa. Simu zake mzirekodi.