Brauza ya majaribio, niendelee nayo?

Mwana Ujiji: Wakuu habari za humu, jana usiku nimepakua brauza ya majaribio kwenye laptopu hapa Kigoma, aisee inafungua kurasa chap ila nikiwa najaza fomu ya mzigo wa dagaa ikajifunga yenyewe, nimeandika upya kila kitu. Niifute?

Kaka wa Gungu: Usiifute mkuu. Brauza za majaribio kama Firefox Nightly au Chrome Canary unaweka pembeni ya ile ya kawaida na haziingiliani, ila zinajisasisha karibu kila siku, bando linaenda hilo.

Mama Zai: Fomu na mambo ya hela fanyia kwenye ya kawaida. Ikijifunga tuma ripoti kwa watengenezaji wake, eleza ulibonyeza nini, ndo wanavyorekebisha.

Mwana Ujiji: Asanteni sana, naituma sasa hivi.