BREKI NI BREKI?! Huyu mtu awaombe radhi wana reli wote

Pistoni Kavu (mleta uzi)

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Mnamjua ninayemsema, sina haja ya kumtaja. Kila uzi wenye neno treni yeye ndiye wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, na kila akitoka anaacha uharibifu.

Jana tunajadili Uingereza, zile kampuni za reli kama 120 zilizosukumwa kuwa makundi manne (Great Western, LMS, LNER na Southern) tarehe 1 Januari 1923. Mtu anauliza vizuri tu: ugumu wa kazi ile ulikuwa wapi? Huyu bwana akaruka: "Ugumu gani? Unapaka vichwa vya treni rangi mpya, unabadilisha herufi ubavuni, umemaliza." Mdau mmoja akamuuliza kwa adabu, na breki je? Akajibu maneno matatu: "Breki ni breki."

BREKI NI BREKI! Hadharani! Maneno matatu yenye uwezo wa kuziba njia yote kutoka London mpaka Edinburgh!

Breki ya vakyumu inaachia hewa ikifyonzwa kwenye bomba la treni, inashika hewa ikirudi. Great Western walikuwa wanafyonza mpaka inchi 25 za zebaki (kipimo cha ufyonzaji). Wengine waliotumia vakyumu waliishia 21. Sasa leta treni ya Great Western mpaka Shrewsbury, toa kichwa chao, funga kichwa cha LMS. Chemba za silinda kwenye kila behewa bado zina 25. Kichwa kipya kinafika 21 pumzi inaisha. Ile tofauti ya inchi 4 inabaki inasukuma pistoni, vyuma vya breki vimekumbatia magurudumu, treni inavutwa huku imeshikwa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mtu atembee behewa kwa behewa, avute kamba ya kuachilia breki, hewa iingie chemba, ndipo dereva aanze kufyonza upya hadi 21. Ukiruka behewa moja, magurudumu yake yanachemka njiani.

Na hao wote ni watu wa vakyumu! Bado sijagusa Westinghouse, wale wa breki za upepo wa kushindiliwa. Halafu mtu anakwambia BREKI NI BREKI.

Behewa la Mwisho

Povu lote hili kwa inchi nne?

Pistoni Kavu

Inchi nne mara kila silinda ya kila behewa, mkuu. Piga hesabu halafu urudi. Na wewe usiniambie breki ni breki.

Mama Siginali

Mleta uzi yuko sahihi ila kaanzia padogo. Nenda LNER. North Eastern, Great Eastern na North British walikuja na breki za upepo za Westinghouse. Great Northern na Great Central walikuja na vakyumu. Moja inasukuma hewa, nyingine inanyonya. Mpira wa huku hauungi na wa kule, na hata ungeunga isingefanya kazi. Mabehewa ya safari ndefu za London hadi Scotland yalikuwa yamewekewa mabomba ya aina zote mbili tangu zamani, maana bila hivyo yasingepita York. Kundi jipya likaamua kiwango kiwe vakyumu, ila treni za vitongoji za kituo cha Liverpool Street, London, zikaachiwa upepo wao, kwa sababu breki ya upepo inaachia haraka na pale kila sekunde ya kituoni ina thamani. Waliendelea na pampu zao ubavuni mwa vichwa hadi enzi za British Railways, shirika la reli la serikali.

Pistoni Kavu

Asante mama. Mtu mwenye akili timamu angesoma hilo akanyamaza. Yeye angejibu nini? Mnajua angejibu nini!

Reli ya Tatu

Nyie na breki zenu mnapoteza muda. Uchungu wa kweli ni Southern. London and South Western walikuja na umeme wa reli ya tatu (reli ya ziada pembeni inayobeba umeme), volti 600 za mkondo mnyoofu. Brighton walikuja na nyaya za juu, volti 6,700 za mkondo geu. South Eastern and Chatham walikuwa na mpango wao mwingine kabisa mezani. Kundi moja, mifumo miwili na mpango wa tatu, na treni za huku haziwezi kutembea kule.

Sasa sikieni kinachoniuma. Aprili 1925 Southern hao hao wakaongeza nyaya hadi Coulsdon North na Sutton. 1926 wakatangaza nyaya zote ziondoke. Septemba 1929 treni ya mwisho ya nyaya ikapita. Nguzo mpya, shaba mpya, miaka minne zimeng'olewa! Najua Herbert Walker, meneja mkuu wa Southern, alikuwa na hoja, reli ya tatu ilikuwa rahisi kutandika na tayari ilikuwa na maili nyingi. Lakini basi usiongeze nyaya mwaka ule!

Behewa la Mwisho

Zile kazi Brighton walishazianza wenyewe kabla ya kuunganishwa. Ulitaka waache nguzo zimesimama bila waya?

Reli ya Tatu

NDIYO.

Mzalendo wa Chuma

Tatizo la Waingereza ni lile lile, serikali ilitaifisha reli 1923 ndiyo maana zikafa.

Mama Siginali

Hapana. Serikali iliziendesha wakati wa vita, kuanzia 1914 hadi Agosti 1921, halafu ikazirudisha. Sheria ya 1921 ya Eric Geddes, waziri wa uchukuzi, iliunganisha kampuni BINAFSI ndani ya kampuni BINAFSI, zenye wanahisa na gawio. Wanahisa wa zamani walipewa hisa za kundi jipya. Kutaifisha ni 1 Januari 1948. Tafadhali.

Pistoni Kavu

Huyu lazima ni mwanafunzi wa yule bwana.

Boksi la Ekseli

Mnalia na breki, mimi nalia na Derby. LMS walirithi vichwa zaidi ya 10,000. Ndani yake walikuwamo watu wa Crewe, watu wa Horwich na watu wa Derby, kila karakana na michoro yake na kiburi chake. Walioshinda ni Derby, yaani Midland, waliopenda vichwa vidogo. Treni nzito? Funga viwili.

Kilichofuata ni aibu. 1927 wakaletewa Garratt, vichwa vikubwa vyenye injini mbili na boila moja, kutoka kwa Beyer Peacock, kampuni iliyokuwa inajua Garratt kuliko yeyote duniani. Derby wakaingilia mchoro, wakalazimisha maboksi ya ekseli ya aina ile ile ya vichwa vyao vidogo vya mizigo. Beringi finyu, mzigo mkubwa, mafuta yanakimbia, chuma kinachemka. Vichwa 33 vyenye ugonjwa mmoja! Na 1929 wakarudia maboksi hayo hayo kwenye vichwa vipya vya magurudumu manane. Ilibidi 1932 aletwe mhandisi William Stanier kutoka Great Western ndipo ugomvi wa karakana upoe.

Pistoni Kavu

Mkuu nakubali kila neno, ila turudi kwenye mada. Aliulizwa breki, akasema breki ni breki.

Reli ya Tatu

Tumeshaelewa.

Namba Moja

Hata hizo herufi za ubavuni hazikuwa mchezo. Kila kampuni ilikuwa na kichwa namba 1. LNER walianza kwa kubandika herufi pembeni ya namba, baadaye wakaacha: North Eastern wabaki na namba zao, Great Northern waongeze 3000, Great Central 5000, Great Eastern 7000, North British 9000. Southern wakaweka A, B na E kwa Ashford, Brighton na Eastleigh, na 1931 wakazifuta, A wakaongeza 1000, B wakaongeza 2000. Kila badiliko hilo ni daftari la gereji, daftari la karakana na vipuri kubadilishwa.

Mzalendo wa Chuma

@Boksi la Ekseli, Garratt si ndizo zile za kwetu?

Boksi la Ekseli

Ukoo mmoja. East African Railways, iliyounganishwa 1948 kutoka reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, ilinunua daraja la 59, vichwa 34 kutoka kwa Beyer Peacock hao hao. Tani 252, geji ya mita, vinapandisha tani 1,200 kutoka Mombasa kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Hapo Derby hawakuwepo kuharibu maboksi.

Mzalendo wa Chuma

Na shirika lilipovunjika 1977 vichwa hivyo vikabaki Kenya. Vilipewa majina ya milima. 5918 Mount Gelai, mlima uko Tanzania, kichwa kiko makumbusho Nairobi!

Mama Siginali

Vilifanya kazi laini ya Mombasa, vingebaki wapi?

Mzalendo wa Chuma

Mount Shengena nacho? Shengena iko Upare!

Namba Moja

Hicho ni 5930. Na kama ni madai, anza na 5928 Mount Kilimanjaro.

Pistoni Kavu

Wakuu, uzi ulikuwa wa breki.

Mzalendo wa Chuma

Fungua mwingine. Hapa tunadai vichwa vyetu.